Kutoa Pesa Nyingi Benki na Kulipa kwa Keshi: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Kosa ni lilelile kila mara. Mtu amepata gari lililotumika, au kiwanja, au mashine ya kazi, na muuzaji anataka keshi. Asubuhi ya siku ya malipo anakwenda ATM. Mashine inampa kidogo, mara ya pili inakataa. Anakimbilia mashine ya benki nyingine, nayo inagoma, na kwenye jaribio la nne kadi inafungwa. Anaingia ndani kwenye foleni, akifika kaunta anaambiwa tawi halina kiasi hicho leo, arudi keshokutwa. Jioni muuzaji anapiga simu: kapata mteja mwingine.

Lawama zote zinaiangukia benki, kwamba imemkatalia mtu pesa zake mwenyewe. Mara nyingi haijakataa. Kilichomzuia ni kikomo cha kadi, na kikomo cha kadi si kikomo cha akaunti. Salio lako lote ni lako na linatoka, ila lina mlango wake, nao unataka kubishwa hodi mapema. Jipe siku nne au tano za maandalizi, kisha saa moja ya kukabidhiana.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kitambulisho halisi, si nakala, ambacho muda wake haujaisha na majina yake yanalingana na ya akaunti.
- Kadi na namba ya siri, hata kama utatoa kaunta. Baadhi ya matawi humtambua mteja kwa kadi.
- Simu yenye laini iliyosajiliwa benki. Msimbo wa uthibitisho ukitumwa kwenye laini uliyoitupa mwaka jana, umekwama.
- Sahihi uliyoweka ulipofungua akaunti. Hapa usicheke. Mimi nilipoteza nusu siku kaunta kwa sababu sahihi yangu ya sasa imekuwa mkwaruzo tu, wakati ile ya zamani ilikuwa jina zima. Kama yako imebadilika, nenda uibadilishe rasmi kabla ya siku yenyewe.
- Karatasi inayoonyesha unachonunua: ankara au rasimu ya mkataba wa mauziano.
- Mkataba nakala mbili, kalamu ya wino, na bahasha tupu zisizo na nembo ya benki.
- Mtu mmoja unayemwamini. Mmoja anatosha, msafara hauhitajiki.

## Hatua ya 1: Hakikisha malipo hayo yanaruhusiwa kwa keshi

Anza na sheria, kwa sababu ikikataa, hatua zote zinazofuata hazina kazi. Nchi nyingi zimeweka ukomo wa kiasi kinachoweza kulipwa kwa noti, na wengine hugundua wakiwa wameshatoa pesa.

Mifano inaonyesha jinsi sheria zinavyotofautiana. Italia ukomo ni euro 5,000 tangu 2023. Ufaransa mkazi hawezi kumlipa mfanyabiashara zaidi ya euro 1,000 kwa keshi. Watu binafsi wakiuziana hakuna ukomo, lakini kikizidi euro 1,500 lazima kuwe na maandishi. India tangu 2017 mtu haruhusiwi kupokea rupia 200,000 au zaidi kwa keshi katika muamala mmoja. Umoja wa Ulaya wote unaingia kwenye ukomo wa euro 10,000 kwa malipo ya biashara kuanzia Julai 2027. Marekani haizuii, ila mfanyabiashara aliyepokea zaidi ya dola 10,000 kwa keshi lazima atoe taarifa serikalini ndani ya siku 15.

Kwa hiyo swali si kiasi gani tu. Uliza pia muuzaji ni nani. Kampuni na mtu binafsi mara nyingi hawapimwi kwa kipimo kimoja. Waulize benki yako na mamlaka ya mapato ya nchi ulipo.

Umefanikiwa ikiwa: unaweza kusema kwa sentensi moja ukomo wa keshi ni kiasi gani kwa muuzaji wa aina yako, au kwamba haupo.

Onyo: ukizidi ukomo usijaribu kuukata mkataba mmoja vipande viwili. Sheria nyingi za aina hii huhesabu malipo yanayohusiana kama malipo mamoja.

## Hatua ya 2: Jua ni kikomo kipi kinachokubana

Watu husema "kikomo cha benki" kana kwamba ni kimoja. Vipo angalau vinne, na kila kimoja kina dawa yake.

Cha kwanza ni cha mashine kwa mkupuo. Hiki ni cha kimakanika: mdomo wa mashine hupitisha idadi fulani ya noti, mara nyingi kama 40 hivi. Mashine iliyobaki na noti ndogo itakupa kiasi kidogo zaidi hata kama kadi yako inaruhusu zaidi. Ukikataliwa kiasi kikubwa na kidogo kikakubaliwa, huenda tatizo liko hapa tu. Toa mara mbili.

Cha pili ni cha kadi kwa siku, na ndicho kinachowakwamisha wengi. Kimewekwa ili mwizi akipata kadi yako na namba ya siri asikombe akaunti nzima usiku mmoja. Zingatia kwamba kikomo cha kutoa noti na kikomo cha kulipia dukani kwa kadi ni viwili tofauti, na cha dukani mara nyingi ni kikubwa zaidi. Kama muuzaji ana mashine ya kupokea kadi, huenda huhitaji noti kabisa.

Cha tatu ni cha mwenye mashine. Ukitumia ATM ya benki nyingine unaweza kukuta kikomo chake ni cha chini kuliko cha benki yako, na makato juu.

Cha nne ni cha kaunta: kiasi ambacho tawi hutoa papo hapo bila taarifa. Hiki ni cha juu zaidi kuliko vingine vyote, na kikishavukwa hakimaanishi "hapana". Kinamaanisha "tuambie mapema".

Piga simu huduma kwa wateja, kwa namba iliyo nyuma ya kadi yako, na uulize maswali haya kama yalivyo:

1. Kadi yangu inatoa kiasi gani kwa siku, na siku hiyo inaanza saa ngapi?
2. Kikomo hicho kinaweza kupandishwa kwa muda? Mpaka kiasi gani, na kinarudi lini?
3. Nikitaka kutoa kaunta, ni kiasi gani kinahitaji taarifa, na taarifa ya siku ngapi?

Swali la saa si la kujifurahisha. Kwa benki nyingine siku hugeuka saa sita usiku. Kwa nyingine huhesabiwa saa 24 tangu utoe mara ya mwisho. Na ukiwa safarini, saa sita usiku inayohesabiwa yaweza kuwa ya kwao, si ya hapo uliposimama.

Umefanikiwa ikiwa: umeandika namba tatu kwenye karatasi, pamoja na tarehe na jina la aliyekujibu.

## Hatua ya 3: Piga hesabu kabla ya kuchagua njia

Tuseme kikomo cha kadi ni 1,000 kwa siku na unahitaji 30,000. Hizo ni siku 30 za kwenda ATM, pengine na makato mara 30, huku keshi ikirundikana nyumbani mwezi mzima. Kwa kiasi kama hicho ATM si njia. Kanuni yangu ni rahisi: kama siku mbili za ATM hazitoshi, nenda kaunta.

Kuna sababu ya pili, na ni nzito kuliko makato. Kutoa au kuweka pesa kidogo kidogo kila siku, kwa mpangilio, ndiyo alama ambayo mifumo ya benki ya kukamata utakatishaji fedha imefundishwa kuitambua. Marekani, kwa mfano, benki huripoti miamala ya keshi inayozidi dola 10,000 kwa siku. Ripoti hiyo ni karatasi ya kawaida, haimtuhumu mtu, na mteja halipi chochote. Lakini kuigawa pesa makusudi ili isiripotiwe ni kosa la jinai linaloweza kumfunga mtu hadi miaka mitano, hata kama pesa yenyewe ni safi kabisa. Mtu amepata fedha kwa jasho lake, kisha anajitia hatiani kwa kuogopa fomu.

Acha iripotiwe. Jaza fomu, sema ukweli, endelea na safari.

Na usitoe keshi kwa kadi ya mkopo ili kuziba pengo. Tofauti na ununuzi wa kawaida, riba ya keshi ya kadi hiyo kwa kawaida huanza siku hiyohiyo, na ada huongezwa juu yake.

## Hatua ya 4: Toa taarifa tawini

Nenda mwenyewe, ukiweza, siku tatu hadi tano za kazi kabla. Jumamosi, Jumapili na sikukuu usizihesabu. Tawi haliweki keshi kubwa kupita mahitaji ya kila siku, kwa sababu ya usalama na bima. Noti za ziada huagizwa kutoka makao makuu au hazina na kuletwa kwa gari la fedha lenye ratiba yake. Ukichelewa gari hilo, hata meneja hana cha kukusaidia.

Uliza haya manne: kiasi, siku na saa, aina ya noti, na kama wana chumba cha faragha cha kuhesabia. Watu husahau aina ya noti. Omba noti kubwa, kwani ujazo ni jambo la kweli: noti 1,000 mpya za dola ni rundo la kimo cha sentimita 11 hivi na uzito wa kama kilo moja. Kiasi hichohicho katika noti ndogo mara tano kinakuwa begi zima na saa nzima ya kuhesabu.

Utaulizwa pesa ni za nini. Usinune. Mhudumu anatimiza sheria, na wakati mwingine swali hilo ndilo linalomwokoa mzee aliyedanganywa kwa simu akatoe akiba yake yote. Mwonyeshe ankara au rasimu ya mkataba, basi. Ila ikiwa kuna mtu aliyekuagiza uidanganye benki kuhusu matumizi ya pesa, simama hapohapo: huyo ni tapeli, haijalishi amejitambulisha kuwa nani.

Umefanikiwa ikiwa: umeondoka na uthibitisho wa maandishi, hata ujumbe mfupi, wenye kiasi na tarehe. "Njoo tu Alhamisi" si uthibitisho.

## Hatua ya 5: Kama sehemu utaitoa kwa ATM

Omba kikomo kipandishwe jana yake, si ukiwa umesimama mbele ya mashine. Tumia mashine iliyo ndani ya tawi au ukutani mwake, saa za kazi, ili tatizo likitokea pawe na mtu wa kumwendea.

Tatizo lenyewe ni hili: akaunti imekatwa, noti hazijatoka. Usiingize kadi tena papo hapo. Subiri, kwani mashine nyingine huchelewa. Na noti zikichungulia zichukue haraka, maana zisipochukuliwa baada ya sekunde chache nyingi huzirudisha ndani. Zisipotoka kabisa, tunza karatasi ya muamala, andika saa na namba ya mashine, uripoti kwa benki yako iliyotoa kadi, si kwa mwenye mashine. Jua pia kwamba muamala ulioshindikana unaweza kula kikomo chako cha siku hadi urekebishwe. Ndiyo maana sishauri kuiachia ATM sehemu ya mwisho ya malipo siku yenyewe.

## Hatua ya 6: Siku ya kutoa, kaunta

Nenda asubuhi, mara tu wanapofungua au muda mfupi baadaye. Epuka siku za mishahara.

Jaza fomu ya kutoa pesa kwa tarakimu na kwa maneno. Usitaje kiasi kwa sauti. Fomu inaongea yenyewe. Mhudumu apitishe noti kwenye mashine ya kuhesabia huku ukiona namba, kisha wewe uhesabu mabunda: bunda moja kwa kawaida ni noti 100. Fungua moja au mawili uhesabu kwa mkono. Ukikuta pungufu hata noti moja, sema kabla hujasogea. Ukishatoka mlangoni, neno lako dhidi ya kumbukumbu ya mashine yao halina uzito.

Chukua risiti ya muamala na uiweke mbali na pesa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na risiti hiyo ndiyo daftari lako: inaonyesha keshi hii ilitoka wapi, tarehe gani. Utaiona kazi yake kwenye hatua ya mwisho.

Umefanikiwa ikiwa: kiasi cha fomu, cha mashine, cha risiti na cha mabunda ni kimoja.

## Hatua ya 7: Usafiri, au bora usisafiri kabisa

Njia salama kuliko zote ni keshi isitoke benki. Mwombe muuzaji mkutane tawini. Kama ana akaunti benki hiyohiyo, noti zinahama kutoka kaunta moja kwenda nyingine. Hapo mtajiuliza kwa nini msihamishe tu kwenye akaunti, na ni swali zuri sana, muulize muuzaji. Wengi wanaoshikilia keshi wanaogopa uhamisho wa uongo, yaani ujumbe wa kughushi au picha ya muamala usiokuwepo. Akiona salio limepanda mbele ya mhudumu wa benki, hofu hiyo huisha. Hundi ya benki ni njia nyingine, ila mpokeaji athibitishe na benki iliyoitoa kwa namba aliyoitafuta mwenyewe, si iliyoandikwa kwenye hundi.

Ikibidi kubeba, gawanya kwenye bahasha tupu, weka ndani ya begi la kawaida, na usitembee peke yako kwa miguu. Usimtumie mtu ujumbe wa "nimeshatoa". Usipitie sokoni wala mgahawani. Usihesabu ndani ya gari. Mkiona pikipiki au gari linalorudia kona zenu, msiende mnakokwenda: rudini benki au ingieni kituo cha polisi.

Unavuka mpaka? Tamko la keshi ni lazima katika nchi nyingi. Ukiingia au kutoka Umoja wa Ulaya na euro 10,000 au zaidi, au Marekani na zaidi ya dola 10,000, unatamka. Kubeba si kosa. Kutotamka ndiko kunakofanya pesa ikamatwe.

## Hatua ya 8: Kukabidhi

Kagua mali na hati kabla pesa haijatolewa benki. Namba ya chasisi, hati ya umiliki, deni lililobaki, jina la muuzaji dhidi ya kitambulisho chake: hayo yote ni ya jana, si ya leo. Pesa ikishakuwa mezani macho ya mnunuzi huwa mazito.

Mezani, fuateni mpangilio huu:

1. Someni mkataba na mjaze kiasi kwa tarakimu na maneno, lakini msitie sahihi bado.
2. Muuzaji ahesabu, vyema kwenye mashine ya benki yake. Wewe usiondoe macho kwenye noti zako. Ikidaiwa moja ni bandia, iwe ni ileile uliyotoa.
3. Akisema imetimia, tieni sahihi wote na shahidi, papo hapo.
4. Akupe risiti, hati na funguo kwa pamoja. "Nitakuletea kesho" haipo.
5. Aweke pesa kwenye akaunti yake mbele yako kama mko tawini.

Kuhusu noti bandia, papasa, tazama kwenye mwanga, geuza. Maandishi yaliyochapwa kwa mwinuko husikika kidoleni. Alama ya maji na uzi huonekana ukiinua noti kwenye mwanga. Rangi au picha inayong'aa hubadilika ukiinamisha. Kalamu za kupimia msizitegemee. Zina madini joto (ayodini) yanayobadilika rangi yakigusana na wanga wa karatasi ya kawaida, basi. Noti halali ndogo iliyofutwa ikachapwa upya kuwa kubwa hupita bila shida, na noti za plastiki kalamu haina la kusema juu yake.

Umefanikiwa ikiwa: unaondoka na nakala ya mkataba yenye sahihi tatu, risiti, na mali.

## Hatua ya 9: Mauziano yakivunjika

Hutokea. Hati ina kasoro, au muuzaji kapandisha bei akiona bahasha. Usilaze pesa nyumbani "mpaka wiki ijayo tuone". Irudishe benki siku hiyohiyo, au kesho yake asubuhi, yote kwa mara moja.

Utaulizwa chanzo cha keshi hiyo. Toa ile risiti ya kutolea, yenye tarehe ya leo au ya jana na kiasi kilekile.